Dada, simu iliita nikaiangalia tu mpaka ikakatika

Dada shikamoo,

Hii barua nimeiandika nikafuta mara tatu, leo nimesema naituma ilivyo, makosa utanivumilia, na samahani kwa kukusumbua.

Nina miaka 26, chuo nilisoma hisabati na nilimaliza vizuri tu, sasa hivi ni mwaka wa pili niko kampuni ya bima upande wa madai. Kazi yangu ni kupokea fomu, kuingiza namba kwenye mfumo, kuwapigia watu simu kuulizia karatasi ambazo hawajaleta. Sio kazi mbaya, ila moyo wangu uko kwenye uaktuari, zile hesabu za bima zenyewe, yaani unakaa na madai ya miaka kumi nyuma halafu unasema mwakani tutenge akiba kiasi gani na bei ya bima iwe ngapi. Hapa kazini hatuna aktuari wetu, huwa anakodiwa mtu kutoka nje, anakaa na wakubwa, anaondoka, mimi hata kumsalimia sijawahi.

Sasa kuna kaka mmoja alinitangulia chuo, akaniambia usikae unabahatisha, watafute watu wanaofanya hiyo kazi nchi za nje, waandikie, waombe dakika chache wakusimulie kazi yao ikoje na wao walipitia njia gani. Nikaona kweli. Nikaingia LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi, nikatafuta maaktuari wa Uingereza, Kanada, Ujerumani, nikawa naandika majina kwenye daftari mpaka yakafika 31. Hiyo ni miezi minne iliyopita.

Dada, katika hao 31 nimemtumia meseji mmoja.

Wengine nimewaandikia ila sijabonyeza kutuma. Naandika, nasoma, naona Kiingereza kimekaa vibaya, narekebisha, naona sasa kimekuwa cha kujipendekeza, nafuta, najiambia kesho. Huyo mmoja yuko Kanada, nilimtumia usiku sana nikazima na data kabisa ili nisione akijibu. Kesho yake nakuta amejibu! Tena vizuri, anasema atafurahi kuongea na mimi, akapanga Alhamisi, akaomba namba anipigie WhatsApp. Kuanzia hapo usingizi ukaisha. Siku yenyewe nimejifungia chumbani, nina daftari, nina maswali 22 nimeyapanga, simu ikaita. Nikaiangalia. Picha yake iko pale kwenye skrini, mikono yangu imekuwa ya baridi, najiambia ngoja iite mara ya tatu ndio nipokee, ngoja ya nne, mpaka ikakatika. Akapiga tena, nikaigeuza simu ikalala kifudifudi. Baadaye akaandika, naona umepata dharura, tutaongea siku nyingine. Sikujibu. Leo ni wiki ya tano sijajibu. Mtu ametoa muda wake kwa mtu asiyemjua, na mimi nimemsumbua bure.

Nikijiuliza naogopa nini hasa sipati jibu moja. Najiona mimi ni nani mpaka nimsumbue mtu mwenye kazi yake nzuri huko. Naogopa Kiingereza changu, kuandika naweza ila kuongea na mtu mwenye lafudhi ya haraka haraka sijui. Naogopa ataniona tapeli, au mtu anayetafuta viza kwa mlango wa nyuma. Na hata akinikubalia, nitamuuliza nini ambacho hakitamfanya ajute?

Kila mtu ananiambia jiamini. Najitahidi kujiamini, sijiamini. Niendelee na hili jambo au niache kuwasumbua watu, nikae nisome mitihani tu?

Ni mimi,
Niliyegeuza Simu

---

Marahaba mdogo wangu, na asante kwa kuituma bila kuifuta mara ya nne.

Hiyo simu ya Kanada tutaifikia, usidhani nimeiruka. Lakini nimeisoma barua yako na kuhesabu, neno kusumbua umelitumia mara nne, na mara mojawapo ni kwangu mimi ambaye kazi yangu ni kusoma barua. Hapo ndipo pa kuanzia. Huo woga wako unakuja na picha moja kwamba kuna mtu huko ametulia, wewe unaingia na kumkwapua kitu. Hiyo picha sio sahihi na nitakuambia kwa nini nasema hivyo.

Watafiti wawili, Francis Flynn na Vanessa Bohns, mwaka 2008 walitoa utafiti ambao sehemu yake ilifanyika kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Columbia kule New York. Wanafunzi walipewa kazi ya kuwafuata watu wasiowajua na kuwaomba wajaze dodoso, kila mmoja arudi na madodoso matano yaliyojazwa. Kabla ya kwenda wakaulizwa, unadhani utaomba watu wangapi mpaka upate watano wa kukubali? Wakakadiria kama 20. Walipoingia kazini wakamaliza kwa kuomba kama 10 tu. Wakapewa na jambo zito zaidi, kumwomba mtu baki akuazime simu yake upige, napo ikawa vilevile, walitarajia kukataliwa kuliko walivyokataliwa. Sababu waliyoieleza mimi naiona kwako kabisa: anayeomba anapiga hesabu ya gharama tu, huyu atapoteza muda, huyu atachoka, wakati anayeombwa ana hesabu nyingine kichwani, kwamba kusema hapana kwa mtu aliyemwomba kwa adabu kunamuuma yeye mwenyewe. Wewe muda wote unafanya hesabu za upande wako tu, na mtu wa hisabati unajua ukiacha nusu ya data jibu linakujaje.

Sasa nisikudanganye nikakupa tamu peke yake. Bohns huyohuyo na mwenzake Mahdi Roghanizad walirudi mwaka 2017 na utafiti mwingine kuhusu kuomba kwa imeili, na huko mambo yaligeuka, watu walidhani imeili zao zitafanikiwa sana na hazikufanikiwa, aliyekwenda kuomba ana kwa ana alipata kukubaliwa mara nyingi mno kuliko aliyeandika. Ana kwa ana mtu anakuona usoni, kwenye imeili wewe ni mstari mmoja kati ya mistari mia. Kwahiyo ukiandika kwa watu wa mbali jiandae na ukimya, ukimya mwingi, na huo ukimya hauna maana uliyokuwa umeupa. Mtu hajakaa akasoma profaili yako akasema huyu hafai. Mara nyingi hajafungua. Au amefungua yuko kwenye foleni ya kitu, akasema nitajibu jioni, jioni haikufika. Mimi mwenyewe naandikiwa na watu wengi nisiowajua na kuna barua nzuri kabisa nilizochelewa nazo mpaka nikaona vibaya kuzijibu, ndio hivyo hivyo wewe na yule wa Kanada, sema yeye yupo upande wa pili. Ukituma 20 wakajibu watatu, mimi nitashangilia na wewe. Ukituma mmoja umefanya moyo wako wote umtegemee mtu mmoja na ratiba yake, lazima mikono iwe baridi.

Na hili la kuwaomba watu wakusimulie kazi yao sio jambo umelibuni wewe. Mmarekani mmoja aliyekuwa mchungaji, Richard Bolles, alilieneza tangu miaka ya 1970 kama njia ya kuijua kazi kabla hujaiingia. Kwa nchi ulizozitaja watu wengi wameshawahi kuombwa hivyo, na wengi wao waliomba pia walipokuwa kama wewe. Muhimu ujue sio usaili. Kwenye usaili wewe ndio unapimwa. Hapa wewe ndio unauliza, na kinachozungumziwa ni maisha ya yule mtu, kitu anachokijua kuliko mtu yeyote duniani. Hawezi kukuta hujui kitu akakushangaa, maana kutokujua ndio sababu ya simu yenyewe.

Jiamini nami sikuambii, umeambiwa vya kutosha. Nakuambia punguza ukubwa wa unachoomba mpaka kikutoshe mkononi. Woga mwingi unatokana na kuomba kitu kisicho na mwisho. Ukiandika "naomba unisaidie kuhusu uaktuari" yule mtu hajui ni dakika tano au ni miaka mitano, na wewe hujui, ndio maana wote wawili mnaogopa. Andika kitu kama hiki, ukiweke kwa Kiingereza chako cha kawaida:

"Habari. Nafanya kazi upande wa madai ya bima na najiandaa kuingia uaktuari. Nimeona na wewe ulianza kwenye madai kabla ya kwenda kwenye kukadiria akiba, na ndiyo njia ninayoifikiria. Unaweza kunipa dakika 15 ndani ya wiki mbili zijazo nikuulize maswali matatu kuhusu ulivyovuka? Siombi kazi. Kama kuongea ni vigumu nitafurahi kukutumia maswali kwa maandishi, na kama huna nafasi nitaelewa kabisa."

Basi. Hakuna "samahani kwa kukusumbua", hakuna historia ya maisha, hakuna CV iliyoambatanishwa, hakuna kumsifia kwamba yeye ni mfano wa kuigwa duniani kote. Angalia kile kimstari cha "ulianza kwenye madai", hicho ndicho kinachobeba meseji nzima, kwa sababu kinamwambia nimekuchagua wewe kwa sababu hii. Ukikosa cha kuandika hapo kwa mtu fulani, mfute kwenye daftari, hana sababu ya kuwa kwenye orodha yako. Na ule mlango wa mwisho wa "nitaelewa kabisa" uache wazi kweli, maana mtu akiona anaweza kukataa bila kugombana na nafsi yake anajibu kwa raha zaidi, na wewe ukijua umempa nafasi ya kukataa unaacha kujiona umemkaba.

Neno siombi kazi ukiliandika ulitimize. Hapa nakuwa mkali kidogo kwa sababu naona watu wanavyoharibu. Unaomba dakika 15 za kusikiliza, dakika ya 12 unatoa CV, au unasema basi dada nifanyie mpango wa viza. Pale pale umekuwa yule mtu uliyekuwa unaogopa kuonekana. Akitaka mwenyewe kukuuliza "umeomba kazi wapi" au akasema nitumie CV yako niione, hiyo ni zawadi yake, mpokee kwa shukrani, ila usiivute. Kuhusu kuonekana tapeli, tapeli hana swali. Mtu anayetaja kitu mahsusi cha kazi yako, ana profaili yenye jina lake kamili na picha yake na kazi anayofanya sasa, hata kama ni ya kuingiza namba kwenye mfumo, anaeleweka. Kwahiyo kabla hujatuma chochote kaa saa moja uijaze hiyo profaili, na usione haya kuandika madai ya bima, kwa aktuari hiyo ni data inavyozaliwa na wewe umeishika kwa mikono. Wao wengi wanaiona ikiwa imeshafika kwenye jedwali. Na wewe pia jilinde, akitokea yeyote wa kukuambia tuma hela kidogo ya kufuatilia au nakala ya pasipoti ndio tuongee, huyo mwache, usimjibu hata kwa heshima.

Maswali sasa. 22 ni mengi mdogo wangu, hayo ni mahojiano ya polisi. Yapitie ufute yote ambayo tovuti inaweza kukujibu. Kwa mfano mitihani ya kuanzia, Society of Actuaries ya Marekani wana P ya uwezekano na FM ya hesabu za fedha, Institute and Faculty of Actuaries ya Uingereza wana CS1 ya takwimu na CM1 ya hesabu za kiaktuari, hayo yote wameyaandika wenyewe na silabasi zake zipo. Ukimuuliza mtu mitihani ya mwanzo ni ipi umempa kazi ya kusoma tovuti kwa niaba yako. Ila ukimuuliza "ulipokuwa unasoma na kufanya kazi kwa wakati mmoja, ni kitu gani ulikiacha ili uweze" hilo halipo tovuti yoyote. Muulize wiki yake iliyopita ilikwendaje, sio wiki ya kawaida, iliyopita, utapata ukweli. Muulize IFRS 17, ule utaratibu wa hesabu za mikataba ya bima ulioanza Januari 2023, umebadilisha nini kwenye kazi zake za kila siku, hapo utaona mtu anachangamka au anashusha pumzi na vyote viwili vitakufundisha. Muulize mtu aliyetoka kwenye madai anajua nini ambacho aliyetoka chuo moja kwa moja hakijui. Na la mwisho muulize kuna mtu mwingine anadhani ningefaidika kuongea naye? Hilo la mwisho ndilo linalokuondolea mzigo wa kuandika kwa watu baki, kwa sababu simu ya pili inakuja na utambulisho.

Nani wa kuanza naye. Umeanza na mtu wa mbali kabisa asiyekujua kwa lolote, umejitupa kwenye kina kirefu siku ya kwanza. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika mwaka 1973 kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu fulani, akakuta ni kama 17 tu kwa mia waliokuwa wanaonana na huyo mtu mara kwa mara, waliobaki walikuwa wanaonana mara chache au kwa nadra, kwa sababu wa karibu yako wanajua unachokijua tayari. Mwaka 2022 watafiti wakapima jambo hilohilo kwa watumiaji wa LinkedIn zaidi ya milioni 20, wakaona uhusiano uliosaidia zaidi kupata kazi mpya ni ule wa katikati, sio rafiki wa damu ila pia sio mtu msiye na chochote cha kuwaunganisha, mna watu kadhaa mnaowajua wote. Kwahiyo kwenye yale majina, tafuta kwanza aliyesoma chuo chako akahama. Halafu aliyewahi kufanya kazi na mtu unayemjua, au ambaye yule kaka wa chuo anamfahamu kidogo. Halafu watu waliotoa mada mahali au walioandika makala ambayo umeisoma kweli, huyo ameshafungua mdomo hadharani, kumuuliza swali juu ya alichosema ni kumheshimu. Watu baki kabisa waje mwisho, ukiwa umeshaongea mara nne tano na umesikia sauti yako ikifanya hii kazi.

Kiingereza. Sikiliza, huyo wa Kanada alishasoma meseji yako na akataka kuongea na wewe, kwahiyo kiwango chako alikiona na hakikumzuia. Wasiwasi wako uko kwenye kusikia na kujibu papo kwa papo, hilo ni la kweli na lina dawa za kawaida. Sentensi yako ya kwanza ikariri, ile moja tu, kwa sababu sekunde kumi za mwanzo ndio koo linakauka, ukishazivuka mengine yanafuata. Andika kwenye karatasi sentensi mbili za kukuokoa, "naomba urudie hapo taratibu" na "nimekuelewa hivi, niko sawa?" Hiyo ya pili ni nzuri mno, inakupa muda wa kufikiri na inamwonyesha unasikiliza. Usisome karatasi nzima kama taarifa ya habari, mtu anasikia. Na ukiona kuongea bado, anza na wawili wa kujibu kwa maandishi, sio kukimbia, ni ngazi ya kwanza.

Kuhusu mwili wenyewe, mikono ya baridi na moyo kwenda mbio, usipoteze nguvu kuutuliza. Alison Wood Brooks wa Harvard mwaka 2014 alitoa utafiti ambao watu walitakiwa kuimba karaoke mbele ya wengine, baadhi wakaambiwa kabla ya kuanza waseme kwa sauti nina wasiwasi, wengine waseme nina shauku, na waliosema nina shauku waliimba vizuri zaidi. Moyo unakwenda mbio vilevile kwa hofu na kwa hamu, ni rahisi kuubadilishia jina kuliko kuusimamisha. Kwahiyo dakika mbili kabla, simama, usikae, sema kwa sauti nina hamu na hii simu, sema kwa Kiswahili, lugha ambayo mwili wako unaielewa. Mimi nilipolisoma hili nililiona dogo mno mpaka nilipolijaribu kabla ya kusimama kuongea mbele ya watu, na sasa siliachi.

Kuna kitu kimoja kwenye simulizi yako kimenifikirisha sana. Ulichoshindwa ni kupokea. Simu inayoita inakuweka kwenye nafasi ya mtu anayesubiri kuvamiwa, kila mlio unakuuliza uko tayari au hauko tayari, na hakuna mtu duniani anayejisikia tayari kwa mlio wa tatu. Kuanzia sasa usimpe mtu namba akupigie. Wewe ndio tengeneza mkutano, Zoom au Google Meet, wewe ndio utume linki, na wewe uingie dakika tano kabla. Ukishakuwa ndani hakuna kinachoita. Umekaa, maji yako yapo, karatasi yako ipo, na yeye ndiye anayekuja kwako na kukukuta. Ukipenda sema mapema kwamba utazima kamera kwa sababu ya intaneti, sauti inatosha. Naamini hili peke yake lingekupokezesha ile simu.

La saa ni fupi ila linaua watu. Andika saa kwa mfumo wa saa 24 na utaje ya kwao na ya kwako zote mbili, au taja UTC, ile saa ya kimataifa isiyosogezwa, usiandike tu saa tisa. Na kumbuka Ulaya wanasogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, Marekani na sehemu kubwa ya Kanada wao ni Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, kwahiyo tofauti uliyoizoea inabadilika na kuna wiki inakuwa haifanani kabisa. Ukituma mwaliko wa kalenda wenyewe utahesabu. Asipojibu meseji ya kwanza mkumbushe mara moja tu baada ya wiki au siku kumi, mistari miwili, halafu mwache. Akiongea na wewe, mshukuru siku ileile na umtajie kitu kimoja alichosema ambacho utakifanyia kazi. Baada ya miezi, ukifaulu mtihani wa kwanza, mwambie. Wengi hawarudi kusema, na wale waliosaidia wanabaki bila kujua kama ilifaa.

Mitihani nayo soma, sikuambii uache. Lakini hapo kazini kwako kuna aktuari anayekuja, na hujawahi kumsalimia. Mara nyingine akija, shikamoo yako na jina lako na "nafanya kazi kwenye madai, nasomea uaktuari" inatosha, ile ni ana kwa ana, na nimeshakuambia ana kwa ana ina nguvu gani.

Sasa Kanada. Wiki tano zimekufanya uamini kwamba umeharibu kitu kisichotengenezeka. Yule mtu alikuandikia kwa upole, akakutafutia na kisingizio yeye mwenyewe, hilo linakuambia ni mtu wa aina gani. Usikitumie hicho kisingizio. Ukimwambia ilikuwa dharura utabeba uongo mdogo kwenye kila meseji mtakayoandikiana, na woga utapata chakula kingine. Mwandikie ukweli, mfupi, na usimwombe kitu chochote ndani yake:

"Habari. Wiki tano zilizopita ulinipigia kama tulivyopanga na sikupokea. Haikuwa dharura. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuomba kuongea na mtu nisiyemjua, niliingiwa na woga, na baada ya hapo nikaona aibu kukuandikia. Naomba radhi kwa muda wako uliopotea. Wewe ndiye mtu wa kwanza kunijibu na ulinijibu kwa wema, nilitaka ulijue hilo."

Anaweza asijibu, na utakuwa umelipa deni lako. Anaweza kusema tupange tena, basi siku hiyo mtumie linki yako, uingie dakika tano kabla, maswali matatu. Itume leo ukimaliza kusoma hapa, ukiipeleka mpaka kesho utaanza kuihariri. Halafu fungua lile daftari, kwenye yale majina 30 yaliyobaki weka alama kwa yeyote aliyepita chuo chako, na uniandikie umepata wangapi.

Dada yako